Vizibo vya Tarbushi

Katika bonde lote la Kilombero hakujawahi kutokea mwindaji aliyekosa shabaha. Waliokosa walikuwa wake zao. Mwanamume akienda mtoni na gobori lake, akamlenga kiboko mkubwa kama nyumba, risasi ikapita juu ikaenda kuua tope ng'ambo, hakuna aliyemuuliza alivyoshindilia bunduki. Watu walikwenda moja kwa moja nyumbani kwake kumtazama mkewe. Kalala na nani? Hilo ndilo lilikuwa swali. Mila ilikuwa ya tangu enzi za mikuki: mume akiwa porini, mke atulie, asijipake mafuta, asigawe moto wa jikoni, na zaidi ya yote asimjue mwanamume mwingine. Akivunja mwiko, silaha ya mume inapofuka. Ni mila nzuri sana kwa wasiojua kulenga.

Lipangile wa Ifakara aliipenda mila hiyo kuliko chakula. Kabla ya kuoa hakuwa mwindaji wa kitu chochote. Alitega samaki kama wenzake, mtu mwenye kifua kipana na maneno mapana zaidi. Wanaume wengine huoa mke. Yeye alioa bunduki, mke akaja nayo. Fundi Haidari, mtu wa pwani aliyepanda bara na misafara ya pembe akaishia Ifakara kutengeneza magobori ya watu, alipofariki aliacha binti mmoja, Mwanamkasi, na gobori moja lenye mtutu mrefu uliosuguliwa ndani mpaka ukang'aa. Lipangile alisilimu asubuhi, akafunga ndoa adhuhuri, na kabla jua halijatua alikuwa keshaitia bunduki begani anazunguka nayo vijiwe vyote. Bibi harusi alibaki ndani na mashoga zake. Mbele yake watu waliiita bunduki ya Lipangile. Akishapita waliiita ya Mwanamkasi, naye alilijua hilo, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, gobori ni kitu rahisi, na kwa kuwa ni rahisi kila mjinga hudhani analijua. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kizibo, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu, unaweka fataki ya kuwashia baruti, basi. Lakini risasi lazima iwe ndogo kuliko tundu la mtutu, la sivyo haiingii. Ukiitia tupu, inatoka ikijigonga huku na huku kama mlevi anayetoka kilabuni, na upande atakaoangukia mlevi hata mwenyewe haujui. Nguvu ya baruti inapita pembeni bure. Masizi yanaganda ndani, kila mlio unakuwa mbaya kuliko uliotangulia, mwisho risasi haitaki hata kushuka.

Ndiyo maana fundi Haidari alikuwa akikata vizibo vya duara vya sufu nene, akavichovya katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya mkia wa kondoo. Risasi nayo aliivika kitambaa chembamba cha merikani kilichopakwa mafuta hayohayo. Kizibo kilikaba moto wa baruti usipenye, kitambaa kilikaba risasi isicheze, mafuta yalilainisha masizi. Na juu ya baruti yenyewe alitanguliza kizibo kikavu, ili mafuta yasiiharibu. Binti yake alikuwa akimkatia vizibo hivyo tangu vidole vyake vilipoweza kushika mkasi.

Fundi alipokufa aliacha mfuko umejaa. Mfuko ule ulipokuwa na kitu, Lipangile alipiga nyati, alipiga kongoni, alipiga kifua. Ulipokwisha, hakujua kwamba kuna kitu kilichokwisha. Akaanza kushindilia majani makavu ya migomba.

"Bwana," Mwanamkasi alimwambia jioni moja, akiwa anauosha mtutu kwa maji ya moto, kazi ambayo mumewe aliihesabu miongoni mwa kazi za jikoni, "majani haya yanaungua kabla risasi haijasogea. Na risasi inacheza humu ndani. Niache nikukatie vizibo."

Lipangile alicheka kwa pua. "Leo mwanamke ananifundisha bunduki."

"Bunduki ya nani?"

Hakupaswa kulisema hilo. Alilisema, tena kwa raha, maana alikuwa na ulimi wa baba yake na hakuwa na subira ya mtu yeyote. Lipangile aliinuka akaenda kulala bila kula, na tangu siku hiyo vizibo vikawa haramu nyumbani mwake kwa sababu tu mkewe ndiye aliyevitaja.

Basi kikaja kiangazi cha mwaka ule wa vita. Wajerumani walikuwa wamewafunga watu katika mashamba ya pamba, pamba isiyolika, na chakula chenyewe kilibaki kile kidogo walichopanda kandokando ya mto pale maji yalipopungua. Viboko wakapata habari. Kila machweo walipanda kutoka mtoni wakala mahindi mabichi na mabua yake. Watu walimwendea Lipangile, naye akawaambia wakapike ugali tu, kitoweo kinakuja. Alikwenda, akapiga, akakosa. Alikwenda tena, akakosa. Safari nyingine aliua mti.

"Mwanangu hakosi," mama yake alisema kisimani, akihakikisha wanawake wote wamesikia. "Kuna mtu anamkosesha."

Mwanamkasi aliposikia alitukana kidogo, kisha akaamua kufanya kazi. Angekata vizibo kwa siri, angepaka risasi mafuta, angevitia kwenye mkoba wa mumewe mahali pa majani. Kiboko akianguka, jina lake lingesafika lenyewe, na bwana mkubwa angeendelea kujisifu kama kawaida. Sufu nene Ifakara haikuwepo, ila mahali pamoja. Muhidin, mwenye duka, alikuwa na tarbushi kuukuu iliyoliwa na nondo, na tarbushi ni sufu iliyopigwapigwa mpaka ikashikamana. Hakuna kizibo kinachoizidi. Alimwomba Kadija, mke wa Muhidin, ambaye alimpa huku akishukuru, maana kofia ile ilikuwa ikimwaibisha. Mwanamkasi akaipeleka nyumbani, akaiweka chini ya mkeka wa kitandani, akaenda kutafuta nta.

Mama mkwe aliingia kuazima kinu. Kwa nini kinu kitafutwe chini ya mkeka, hakuna aliyemuuliza. Alichotoka nacho ni tarbushi nyekundu ya mwanamume, ameishika kwa ncha za vidole, na kabla ya mchana Ifakara nzima ilijua na rangi yake. Kadija alikuja mbio kueleza kwamba ni yeye aliyeitoa kwa mkono wake. Wakamwambia mke mwenye adabu humsitiri mumewe, na wakamsifu kwa hilo. Muhidin aliapa kwa dini yake. Wakasema mwizi gani asiyeapa.

Pengine mambo yangeishia kwa matusi na kipigo, kama ilivyokuwa desturi. Lakini siku zilezile aliingia mtu kutoka upande wa Rufiji, ambaye watu walimwita hongo, yaani mjumbe wa dawa, akiwa na vibuyu vya maji yake. Anayenyunyiziwa maji hayo, alisema, risasi ya Mjerumani ikimfikia itageuka maji na kumtiririka kifuani. Watu walikuwa wamechoka na pamba na viboko vya askari mgongoni, na mtu aliyechoka haulizi sana. Vijana walijipanga. Ilisemwa kwamba wakishapata dawa watapanda Mahenge kulivunja boma.

Maji yale yalikuwa na miiko yake. Asiyepora mali ya mtu, asiyemgusa mwanamke, ambaye mkewe huko nyuma ametulia, huyo hafi. Akifa, basi ama yeye ama mkewe kavunja mwiko. Mwanamkasi alisimama nyuma ya wanawake akasikiliza maneno hayo, akayatambua. Yalikuwa yaleyale ya wawindaji. Dawa haikosei kamwe. Wanaokosea ni wake. Alimwonea hongo wivu kidogo kwa kuwa na biashara isiyoweza kula hasara.

"Na hapa nasikia," hongo alisema, akiwatazama wote isipokuwa yule aliyemkusudia, "yupo mwanamke aliyepofusha bunduki ya mumewe. Aliyeharibu uwindaji ataharibu na vita. Atoke kwanza, ndipo nifungue kibuyu."

Walimweka kati, kwenye uwanja wa kupuria mpunga, siku ya pili yake. Mzee Likangaga, ambaye alikuwa akiamua kesi za watu kabla Wajerumani hawajajua njia ya Ifakara, aliketi kwenye kigoda. Tarbushi iliwekwa chini mbele yake. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu: akionekana mkosaji atatolewa nyumbani na mjini na jina la uzinzi mgongoni, na jina hilo halioshwi na maji ya moto. Mwanamkasi aliogopa. Alikasirika kwamba anaogopa mbele ya watu wa namna ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una la kusema?"

"Ninalo, lakini sitaki mniamini mimi. Naomba mume wangu apige bunduki. Kibuyu kitupu cha pombe kiwekwe juu ya kichuguu kile. Apige mara moja kwa namna anavyoshindilia yeye. Kisha nishindilie mimi, apige tena. Bunduki ni ileile, jicho ni lilelile. Mimi nitasimama papa hapa mnanitazama."

Hongo alisema mwanamke akigusa bunduki inakufa.

"Basi ilikufa zamani," Mwanamkasi alijibu. "Anayeiosha kila akirudi ni nani?"

Wanawake wakacheka, na mzee Likangaga akaruhusu. Lipangile alijaza baruti, akasokota jani lake la mgomba, akaangusha risasi, ikasikika ikishuka kwa mlio wa kete kwenye kopo. Akaweka fataki, akavimbisha kifua, akapiga. Moshi ulipotawanyika, kibuyu kilikuwa kimekaa palepale. Alimgeukia mkewe kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Mwanamkasi aliichukua bunduki. Kwanza akaupitisha mdeki wenye kitambaa kilicholowa akaondoa masizi, akaukausha mtutu. Akaiokota tarbushi kutoka miguuni pa mzee, akatoa mkasi, akaikata mbele ya macho yao, vipande vya duara vyenye upana wa kidole gumba. Mama mkwe aliguna kama aliyeona mtu anakatwa. Kipande kimoja alikiacha kikavu, kingine akakisugua kwa donge la nta na mafuta alilokuwa amelifunga kwenye ncha ya kanga. Baruti, kizibo kikavu, kizibo cha mafuta. Risasi akaivika kitambaa kilichopakwa, akaisukuma. Safari hii haikulia. Ilishuka taratibu, imebanwa, mpaka mdeki ukagota. Akamrudishia mumewe.

Lipangile alipiga, na kibuyu kikatawanyika vipande vipande, na nzi waliokuwa juu yake wakabaki hewani hawana pa kutua. Akaruka kwa furaha. Akainua bunduki juu, akapiga ukelele wa wawindaji, na kwa muda huo mfupi alisahau kabisa kwamba alichothibitisha ni usafi wa mkewe.

Mwanamkasi aliwageukia watu.

"Kati ya mlio wa kwanza na wa pili," aliuliza, "nimeachana na nani? Si mlikuwa mmekaa hapa nyote? Mwenye kumwona aseme."

Kisha mtu mmoja kule nyuma alianza kucheka, na kicheko kikapita uwanja mzima, na ilikuwa dhahiri kwamba hawamcheki mwanamke. Hapo angenyamaza. Kesi ilikuwa yake, na mtu mwenye hekima akishinda hukunja mkeka akaondoka. Lakini alikuwa amekaa miezi mingi akisemwa kisimani, na moyo wake ulikuwa na mengi.

"Mwindaji wenu huyu," alisema, "anashindilia bunduki kama mtu anayeziba tundu la panya. Nilimwambia. Akaona afadhali kukosa kiboko kuliko kunisikiliza. Mahindi yenu yameliwa kwa ajili ya pua yake."

Walicheka tena, zaidi. Uso wa Lipangile ulikuwa kama wa mtu anayezama, naye hongo, aliyejua kazi yake, akamtupia kamba.

"Kizibo hicho ni cha kofia ya nani?" aliuliza polepole. "Ni ya mwanamume wake. Risasi imemtii mwenye kofia. Na dhambi imetoka na moshi, mmeuona wenyewe ulivyokuwa mweusi. Huyu ametubu kwa bunduki, maana kwa mdomo hawezi."

Ulikuwa upuuzi mtupu. Hata hongo mwenyewe nadhani aliusikia ulivyolia. Lakini watu walimtazama Lipangile, kwa sababu mke ni wake na neno ni lake, na Lipangile akakaa na mambo mawili mbele yake. Ama mkewe ni mwaminifu na yeye hajui bunduki, ama yeye ni mwindaji hodari na mkewe ni mzinzi. Alifikiri muda usiozidi wa kumeza mate. Mwanamume yule aliona afadhali awe na mke mbaya kuliko awe na kizibo kibaya.

"Nimekuacha," alisema. "Nenda kwenu."

Mwanamkasi hakulia. Alinyoosha mkono.

"Lete bunduki ya baba yangu."

Kumbe Lipangile hakuwa ameifikiria habari hiyo. Aliikumbatia. Hongo akasema bunduki haziondoki, zinahitajika vitani. Mzee Likangaga akakohoa, akamtazama hongo kwa upole mwingi.

"Mgeni wetu, jana ulituambia mwenye kupora mali ya mtu maji hayamkingi. Mke akiachwa huondoka na alichokuja nacho. Sasa unataka tuanze kwa kumpora mwanamke, kisha tukasimame mbele ya risasi?"

Hongo alianza kupangapanga vibuyu vyake. Lipangile akaitoa ile bunduki, kidole kimoja kimoja. Mwanamkasi alikusanya vizibo vyake, akatia bunduki begani, akashika njia ya Katindiuka, kwenye kibanda cha shamba alichoachiwa na baba yake. Njiani alikutana na watu ambao walimpisha.

Lipangile alimfuata huko asubuhi ambayo wanaume walikuwa wanaondoka. Alikuwa amekwisha nyunyiziwa dawa. Kichupa cha maji kilining'inia shingoni. Mkononi alishika mkuki wa kuazima, na aliushika vibaya. Mwanamkasi alikuwa akianika mahindi. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani, na Lipangile aliiamkia kwa macho kabla ya kumwamkia yeye.

"Nimekuja tupatane," alisema. "Nitawaambia watu nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

Alihangaika. "Basi, nimekusamehe tu. Urudi nyumbani. Nikupe jina lako, nawe unipe bunduki niende nayo. Mwanamume niliyekuwa mbele ya wote, leo natembea nyuma na mkuki."

Mwanamkasi alimhurumia. Aliudhika na huruma hiyo, lakini alimhurumia, maana alikuwa mumewe, na kulikuwa na jioni za mwanzo ambazo hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani akatoka na mfuko wenye vizibo na risasi zilizokwisha vikwa na kupakwa, akauweka kando ya bunduki.

"Chukua vyote," alisema. "Sitaki kurudi kwako. Nataka neno moja. Wenzako wamekaa pale njia panda wanakusubiri. Simama mbele yao useme: mke wangu hakukosa, mimi ndiye niliyeshindilia vibaya. Baada ya hapo bunduki ni yako mpaka ufe."

Lipangile aliitazama bunduki. Aliutazama mtutu, mdeki, mfuko. Midomo ilicheza kama ya mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Mwanamkasi alingoja, na ninavyojua mimi aliomba kwa moyo wake wote kwamba aseme, hata kwa kunong'ona, hata kwa uongo.

"Watanicheka," alisema Lipangile mwishowe.

Akageuka akaenda zake na mkuki.

Yaliyotokea Mahenge kila mtu anayajua. Bombomu ya Wajerumani, ile bunduki inayotapika risasi kama mtu anayemwaga mtama, ilikuwa imewekwa juu ya boma, na maji hayakugeuza kitu. Gobori moja lisingebadili lolote pale, hata lingekuwa na vizibo vya dhahabu. Mwanamkasi alilijua hilo na halikumpa nafuu. Waliorudi walisema Lipangile alikwenda mbele, alikimbia vizuri, alianguka mapema.

Mama mkwe alikuja Katindiuka akiwa amenyoa nywele. Aliketi chini mlangoni, akalia muda mrefu, na Mwanamkasi akaketi karibu naye, akalia pia. Alimlilia yule mtu na alimdharau huku akimlilia, na hakuona sababu ya kuacha kimojawapo.

"Ungempa ile bunduki," mama mkwe alisema.

"Nilimpa, mama. Nilimtaka aseme neno moja tu."

Mwanamke mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na ugomvi ndani yake.

"Angelisemaje, mwanangu? Alikuwa mwanamume."